Jani la nyuma ya jiko lisilotoa ua

18 mwezi wa munane 2002, siku ya Mungu

Misa haikusomwa. Mji umebadilisha mabwana tena, na mabwana wapya bado wanapiga risasi hewani kwa furaha, kama watu wanaomwaga karanga. Nimekaa nyumbani. Mama aliyetufundisha herufi kwenye parokia, sisi wanawake ambao hatukuona benchi ya shule, alituambia tuandike kidogo kidogo mkono usisahau. Leo sina kitu kingine cha kuandika, basi naandika juu ya jani.

Liko nyuma ya jiko langu, pale ninapomwaga maji ya kuoshea sahani. Linafika magotini. Shina lake lina pembe nne kama mguu wa meza. Majani yake ni mazito, yana manyoya, na ukiyavunja yananuka kama limau iliyoangukia kwenye sabuni. Tulipoingia katika parseli hii, kiwanja chetu, mimi na marehemu mume wangu Alexis, tulilikuta. Kiangazi kikija linakufa, mvua ikija linarudi. Ua halijatoa hata siku moja. Mbuzi wanalinusa na kwenda zao. Kila mwaka Alexis alisema atalifyeka wiki inayofuata. Alexis amekufa, jani liko.

Sasa nataka kujua ni kitu gani. Barabara ya Kasenyi imefungwa, ya Mahagi inafunguka na kufungwa kama mdomo wa mlevi, na chakula hakifiki. Kama jani lina kazi, likae. Kama halina, naling'oa nipande mboga ya lenga-lenga.

Domitille, jirani yangu, mama yake Lionel, amechungulia kwenye tundu la ukuta wa matete.

"Mama Gérard, nilikuambia tangu zamani, ng'oa ile kitu. Inaita nyoka."

"Nyoka ya hii parseli inaitwa na mudomo yako."

Amecheka mpaka akakohoa. Tunatukanana hivi tangu Lionel alipokuwa tumboni. Mtoto huyo nilimtoa mimi, na kitovu chake nilikikata mimi, maana mkunga alikuwa amekwenda kwenye matanga.

22 mwezi wa munane

Nimeleta mtu nyumbani. Alikuwa ameketi chini ya ukuta wa kanisa na mtoto mgongoni, na kila mtu anapita kama anapita kando ya jiwe. Anaitwa Adeline. Mtoto ni Gracia, bado ananyonya. Mume wake walimpoteza njiani. Anasema ni mtu wa Mambasa.

Nimemwambia, "Simama, hapo utapata baridi ya tumbo."

"Mama, sina kitu ya kukulipa."

"Nimekuuliza kitu? Simama."

Fifi, mjukuu wangu, amepewa amri ya kumwita tantine, kama shangazi yake. Amefurahi, anapenda watoto wadogo kuliko masomo.

Domitille alifika kabla maji hayajachemka. "Ni mutu ya wapi?"

"Ya Mambasa."

"Kabila gani?"

"Kabila ya batu benye njaa."

Naandika wazi ili nisijidanganye. Siku hizi vijana wenye bunduki wanaingia nyumba kwa nyumba na kuuliza nani analala ndani. Wanatafuta watu wa milimani, wa upande wa Djugu. Wakimpata wanamchukua, na sijaona aliyerudi. Mimi ni wa upande ambao kwa sasa hauulizwi. Majina ya makabila sitayaandika humu. Karatasi huokotwa.

25 mwezi wa munane

Mvua. Chumvi imekwisha sokoni.

26 mwezi wa munane

Mvua. Adeline anafagia kabla sijaamka. Jana nilimkataza. Leo amefagia tena.

30 mwezi wa munane

Nimepeleka tawi la jani kwa muzee Assani, yule anayeuza mizizi na magome pembeni ya soko. Amelinusa, amelitafuna kidogo, ametema. Akaniuliza, "Ua lake liko wapi?"

"Halina."

"Mwaka muzima?"

"Miaka yote."

"Basi, mama, niache. Bila ua nitakudanganya, na mimi nadanganya batu ambao sibajue tu. Ukiona ni dawa, uniletee. Ukiona ni sumu, uniletee mbio zaidi, wateja biko wengi."

Nimecheka. Kurudi nimekuta kizuizi cha kamba karibu na daraja la Nyamukau. Kadogo mmoja, mtoto askari, bunduki ndefu kuliko miguu yake, aliniuliza nimebeba nini. Nikamwambia jani. Akauliza jani gani. Nikamwambia nami nalitafuta jina lake. Akaniruhusu nipite. Hakuwa na kamasi tu, alikuwa na homa. Nilimwambia ale ndimu.

7 mwezi wa kenda

Lionel amepewa bunduki. Domitille amekuja kunionyesha, yeye mama yake, kama mtu anayeonyesha cheti cha shule. Lionel alisimama mlangoni, mrefu, anaona haya kuniangalia mimi, bibi yake wa jirani.

"Koko, habari?"

"Habari iko kwako. Hiyo bunduki inakula nini?"

"Ni ya kulinda batu."

"Basi linda pia hii tundu ya ukuta, mama yako anaipanua kila siku."

Domitille hakucheka. Alianza kusema juu ya watu wa milimani, kwamba ni hivi, ni vile, kwamba harufu yao anaijua hata ndani ya umati. Alisema kwa sauti ya juu, akiangalia upande wa jiko, pale Adeline alipokuwa anachambua maharage. Adeline hakuinua kichwa. Ila niliona anatupa maharage mazuri na kuacha mabovu.

8 mwezi wa kenda

Nimechagua maharage upya.

14 mwezi wa kenda, siku ya posho, kesho ni misa

Leo asubuhi, jua limeanza tu, nilikwenda kumwaga majivu. Nikamkuta Adeline nyuma ya jiko, amepiga magoti mbele ya lile jani. Hakunisikia. Alikuwa anavuta udongo kwa mikono miwili na kuufunika kwenye mashina, juu, juu, mpaka vikawa vilima vidogo. Kisha akakata ncha za juu kwa ukucha wa kidole gumba, mojamoja, haraka, kama mtu anayetoa chawa kichwani mwa mtoto wake. Zile ncha hakuzitupa. Alizichomeka udongoni, zimelala upande. Kisha akatafuta mawe bapa na kuegemeza moja kwenye kila kilima, yote upande mmoja.

Nilisimama pale na majivu yangu. Mikono ile ilikuwa inafanya kazi iliyoijua kabla ya kujifunza kufunga kikwembe.

Na yale mawe. Parseli yangu ni tambarare kama meza. Maji yakimwagwa hayajui yaende wapi. Jiwe la kuzuia udongo usishuke linawekwa na mtu aliyezoea kulima mahali ambapo udongo unashuka. Mambasa ni msitu, nimefika huko, hakuna mteremko wa namna hiyo.

"Adeline."

Aliruka.

"Weye si mutu ya Mambasa."

Alitazama mikono yake. Alitazama mawe. Nadhani na yeye aliyaona wakati ule kwa mara ya kwanza. Hakulia. Alivuta tu kikwembe kilichombeba Gracia, akakikaza, kama mtu anayejitayarisha kwa safari.

"Koko, niondoke sasa ao ningojee giza?"

"Nani amesema kuondoka? Nakuuliza hii jani ni nini. Nimeishi nayo tangu nywele yangu iko nyeusi, haijaniambia kitu."

Aligusa shina moja kwa kidole. Kisha, polepole, "Ni chakula. Haiko juu, iko chini. Inazaa vidogo vidogo, vyeusi, kama vidole ya mutoto. Mbele ya muhogo kufika kwetu, bakoko balikuwa banakula hii."

"Na ua?"

"Ua ya nini? Hatutafute mbegu. Tunavunja, tunachomeka. Ukiacha akili yake iende juu, chini inabaki mizizi tu. Hapa hakuna mutu aliifunika udongo, njo maana hamukuona kitu."

Kumbe. Miaka yote nilikuwa namwaga maji machafu juu ya chakula.

Nilimwambia aondoe yale mawe. Aliyaondoa. Vilima tumeviacha, kwa sababu njaa inakuja na haina kabila. Nimemwaga majivu na maganda juu yake vionekane kama takataka.

Nikijulikana ninamficha mtu wa milimani, mimi nitatukanwa na kupigwa. Yeye na mtoto hawatarudi.

15 mwezi wa kenda

Nimemwambia Adeline asiuguse tena ule mmea mchana. Amesema ndiyo, koko. Anasema ndiyo kwa kila kitu, inaniudhi. Nimempa shati la Alexis, amlaze nalo mtoto.

21 mwezi wa kenda

Jiwe moja limerudi. Nimemuuliza. Amesema hakumbuki kuliweka. Namwamini. Mkono umefanya peke yake.

Na kabla sijalitoa, Domitille alipita kwenye tundu kuomba moto. Anapita jikoni kwangu kama kuku. Alifika pale, kipande cha chungu mkononi cha kubebea makaa, akasimama. Aliangalia kilima. Aliangalia jiwe. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa jina na sauti ya marehemu.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi."

"Weye?"

"Mimi."

"Na jiwe?"

"Na jiwe. Sasa parseli yangu nikupe habari?"

Aliondoka bila makaa. Domitille kuondoka bila kitu alichokuja kuomba, hiyo sijaiona tangu tujuane.

22 mwezi wa kenda

Domitille hakuja.

23 mwezi wa kenda

Domitille hakuja. Mvua.

25 mwezi wa kenda

Hakuja. Nimemwona kwenye foleni ya maji, ameniangalia na kugeuka. Ameelewa. Mtu anayesema harufu yao anaijua, jiwe pia atalijua. Mwanawe ana bunduki. Anahitaji neno moja tu kutoka kwa mama yake.

Nimefikiri njia zote. Barabara ya Beni, hapana. Mahagi, vizuizi. Parokia imejaa na inachunguliwa. Adeline atabaki hapa kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo si pabaya zaidi. Nimemwambia hivyo, sikuongeza sukari. Alisema ndiyo, koko. Nikamwambia akisema tena ndiyo koko nitampiga mwiko. Alicheka kwa mara ya kwanza. Ana pengo la jino mbele, linampendeza.

4 mwezi wa kumi

Tundu la ukuta limezibwa kwa matete mapya. Upande wao.

5 mwezi wa kumi

Niliketi nikiangalia yale matete. Nimemchukia Domitille leo, kwa utulivu kabisa, kama mtu anavyokunja nguo.

13 mwezi wa kumi, siku ya Mungu

Misa. Padri amehubiri juu ya jirani. Domitille alikuwa benchi la mbele, mgongo umenyooka. Kwenye amani ya Kristo alimpa mkono kila mtu isipokuwa mimi.

20 mwezi wa kumi

Mvua kubwa, barza ya mbele ya nyumba imeingia maji. Gracia ameota jino.

29 mwezi wa kumi

Wamechukua familia nzima avenue ya pili. Baba alikuwa fundi wa viatu, alinishonea sandali.

6 mwezi wa kumi na moja

Muhogo umekwisha. Kilo ya unga inauzwa kama dhahabu, na wenye dhahabu ndio wanainunua. Gérard, mwanangu aliye machimboni, hajatuma habari. Fifi amelala bila kula na hakusema kitu, na hilo ndilo baya, Fifi husema.

Majani ya ule mmea yameanza kuwa njano. Adeline anapita mbali nayo, lakini macho yake yanapima.

"Bado?"

"Bado kidogo, koko. Ikilala chini, njo tayari."

16 mwezi wa kumi na moja, siku ya posho

Nitaandika yote kama yalivyopita, hata mafuta ya taa yakiisha.

Mashina yalilala jana. Leo asubuhi tulichimba. Udongo ulifunguka na vikatoka vile vidole vyeusi, vingi, vimeng'ang'aniana. Kilima kimoja kilijaza bakuli. Fifi alipiga kelele ya furaha, nikamziba mdomo. Tulipata karibu gunia dogo. Adeline alikaa chini, vidole vile mapajani, na machozi yakamtoka bila sauti. Nikamwambia alie baadaye, tunapika.

Hatukuwa tumewasha moto wakati mlango wa parseli ulipofunguka. Watatu. Mkubwa wao wanamwita komanda Donatien, mtu wa kuvaa miwani ya jua hata mawingu yakiwepo. Kijana mmoja nisiyemjua. Wa tatu Lionel, nyuma kabisa, anaangalia viatu vyake.

"Koko, jambo. Tunaangalia batu tu."

"Angalia. Niko mimi, mujukuu yangu, na mugeni yangu wa Mambasa."

Donatien hakumwangalia Adeline. Alikwenda nyuma ya jiko. Alivitazama vilima vilivyochimbwa na kile kimoja kilichobaki, na kwenye kile kimoja, Mungu wangu, lilikuwepo jiwe.

Alilisukuma kwa kiatu. "Bustani kama hii nimezikanyaga nyingi. Kule juu. Kila mahali jiwe, jiwe, jiwe." Alisema kama mtu anayesimulia safari. "Nani ameweka hii?"

"Mimi."

"Hapana, koko. Weye uko mutu ya kwetu. Hii weye hauwezi kuweka."

Kisha akamgeukia Adeline. Alichukua vidole viwili vya chakula kile kutoka kwenye gunia, akavitupa mbele ya miguu yake, na gunia lenyewe akamsukumia.

"Mama ya Mambasa. Tayarisha, tuone. Nina njaa."

Nilielewa mtego wake, na Adeline aliuelewa. Akifanya vizuri, amejisema. Akifanya vibaya kwa makusudi, mikono itamkana, maana mikono yake haijui kusema uongo, nimeiona. Alikaa hajasogea. Gracia alianza kulia. Yule kijana nisiyemjua alishusha bunduki begani. Nilisimama mbele ya Adeline. Sikuwa na mpango. Mwili tu ulikwenda.

Hapo ndipo yale matete mapya yalipovunjika.

Domitille aliyapitia kwa nguvu, kikwembe kimenasa, kimechanika, hakugeuka kukitazama. Alikuja moja kwa moja, akakaa chini mavumbini miguu imenyooka mbele, akavuta gunia. Alichota mchanga kwa kiganja na majivu kwa kiganja kingine, akavitia ndani, akamwaga maji kidogo, akasokota mdomo wa gunia. Akaanza kulisugua ardhini, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na mwili wake wote ukayumba pamoja nalo. Ngozi nyeusi ilianza kutoka kwenye nyuzi za gunia kama matope. Alipofungua, vile vidole vilikuwa vyeupe. Hakukata kimoja kwa kisu. Alitoa kimoja, akakivunja, akakitia mdomoni kibichi, akatafuna mbele ya Donatien.

"Ulitaka kuona namna banatayarisha? Ni hivi. Mama yangu njo alinifundisha. Hii jani yeye njo aliipanda hapa, wakati parseli iko wazi, mbele ya huyu muzee kuinunua. Alikuwa mutu ya milimani. Nimekuwa nasema iondolewe miaka yote kwa sababu kila asubuhi naiona."

Donatien alivua miwani.

"Na huyu?"

"Huyu ni mudogo yangu. Mutoto ya mudogo ya mama yangu. Njo mimi nilimuambia aseme Mambasa. Ukimuchukua, nichukue. Na ukinichukua, chukua na ule askari yako anasimama pale, mutoto yangu, maana maziwa nilinyonya njo na yeye alinyonya."

Uongo wa udugu ule ulikuwa mzuri kuliko ukweli mwingi niliousikia mwaka huu. Adeline na Domitille hawakuwa wameambiana hata jambo moja.

Donatien alimgeukia Lionel. "Ni kweli?"

Lionel hakujua kitu. Niliona usoni kwamba anasikia pamoja nasi. Midomo yake ilikauka. Kama angesema "sijue" angebaki na bunduki yake na marafiki zake, na pale chini wangelala wanawake wawili na mtoto. Alimtazama mama yake aliyekaa mavumbini na mchanga kwenye mikono.

"Ni mama yangu," alisema. Kisha akaelekeza kidevu kwa Adeline. "Na ule ni mama mudogo."

Yule kijana mwingine alicheka. Donatien hakucheka. Alikwenda kwa Lionel, akaitoa bunduki begani kwake polepole, kama mtu anayempokea mtoto mzigo. Akachukua na gunia letu la chakula.

"Kesho asubuhi upite kwa shefu, tuzungumuze," alimwambia Lionel. Sauti nzuri kabisa.

Wakaondoka, maana kumchukua mama wa askari wao mchana, mbele ya mtaa mzima, kungewavuruga wenyewe. Sisi sote tunajua kuzungumza kwa shefu ni nini, mtu haonekani tena.

Domitille alibaki chini. Nilimpa mkono asimame, akaukataa. Nikakaa naye mavumbini. Magoti yangu bado yananidai.

"Ulinifungia tundu," nikamwambia.

"Niliogopa unaniona."

"Nilifikiri utamuuza."

"Hata mimi nilifikiri." Alisema hivyo, akijifuta mikono. "Siku mbili, tatu hivi, nilifikiri. Nimuuze, mutu asiangalie kwangu."

Nilimsafisha mchanga kwenye nywele.

17 mwezi wa kumi na moja

Lionel ameondoka alfajiri, amelala chini ya magunia ya maharage kwenye lori la mchuuzi wa Mahagi. Alikuja kuniaga kwanza. Alimwambia Adeline, "Mama mudogo, bakia salama," bila kuonyesha haya. Nilimpa sweta ya Alexis. Fupi mikononi, lakini huko ni baridi.

18 mwezi wa kumi na moja

Walikuja kumtafuta. Domitille aliwaambia amekwenda kwa shefu, kama alivyoitwa, na kwa nini hamjamrudisha? Aliwapigia kelele mpaka mwisho wa avenue. Waliondoka wao.

19 mwezi wa kumi na moja

Adeline na Gracia wamehamia kwa Domitille. Ndugu halali kwa jirani wakati dada yake ana nyumba, watu wangeuliza. Matete hatukuyarudisha.

27 mwezi wa kumi na moja

Hakuna habari ya Mahagi. Domitille hali kitu. Nimemlisha kwa nguvu, kijiko hadi mdomoni, nikimtukana.

2 mwezi wa kumi na mbili

Hakuna habari. Mvua za mwisho.

8 mwezi wa kumi na mbili, siku ya Mungu

Dereva wa lori amefika. Lionel anapakia mizigo mpakani, anakula, amekonda, anauliza mama. Domitille alimfanya dereva aseme tena mara kadhaa, na kila mara alimwuliza kama sweta ilikuwa fupi mikononi. Ndiyo, mama, ilikuwa fupi.

Hawezi kurudi hapa. Hilo pia dereva alilisema, na Domitille hakumwomba alirudie.

Jioni tuliketi watatu, tukapika vidole vya kile kilima kimoja kilichobaki. Vina utamu mdogo wa udongo, kama chesnati, tunda ambalo marehemu padri wa zamani alikuwa akitusimulia na sikuwahi kuliona. Havishibishi sana. Nimemwambia Domitille hivyo. Amesema mama yake aliwahi kusema vilevile, kwa maneno hayohayo. Nikamwuliza mama yake aliitwa nani. Tumekaa ukuta kwa ukuta miaka yote hii na sikumwuliza, na yeye hakusema.

"Madeleine," amesema. Amelisema kwa kulijaribu, kama mtu anayekanyaga ubao wa daraja.

15 mwezi wa kumi na mbili, siku ya Mungu

Baada ya misa nimegawa ncha za mmea, zilizochipuka tena pale tulipochimba, kwa wanawake wa mtaa. Nimewaonyesha namna ya kuchomeka na kufunika udongo. Jiwe sikulitaja, hapa si lazima.

Mmoja akauliza, "Mama Gérard, hii jani inaitwa je?"

Domitille alikuwa amesimama kando yangu, Gracia mgongoni mwake. Nikamwangalia. Akainua mabega.

"Inaitwa Madeleine," nikasema.

"Jani gani inaitwa Madeleine!" Walicheka wote.

"Kama jina haikupendeze," nikamwambia yule aliyeuliza, "rudisha."

Hakurudisha.